Mkate wa Dengu Nilioupaka Asali

Kuna aibu unazipata peke yako, unajipangusa unaendelea na safari, lakini yangu mimi niliipata mbele ya balozi wa nyumba kumi na wanawake wa nusu ya mtaa wa Cheyo, tena kwa ajili ya mkate wa kukaanga. Naisimulia mwenyewe kwa sababu Mama Shija naye anaisimulia, na yeye akiisimulia hujitoa kabisa, kana kwamba siku ile alikuwa Igunga.

Miaka ile ya foleni mnaikumbuka (kama hukuwepo, shukuru), unapanga jiwe lako kwenye duka la ushirika kabla hakujapambazuka, kisha unauziwa sabuni wakati ulifuata sukari, na unashukuru hivyohivyo. Mimi niliipita nikiwa na watoto watatu na mume aliyekwenda kwenye kijiji cha ujamaa kulima tumbaku akapata mke huko. Sitamsema leo, leo si siku yake.

Aliyenishika mkono ni Ba. Ba alikuwa bibi wa Kihindu, mama yake Jayanti mwenye duka la vitambaa, na sote tulimwita Ba, hata balozi. Kazaliwa hapahapa Tabora, asubuhi anakusalimia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", vizuri kuliko hata shangazi zangu. Mimi niliyeishia darasa la pili, alinifundisha kushona barazani kwake mpaka nikajua kukata blauzi bila kuchora. Mama Shija, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alijifunza pamoja nami, ila mikono yake haikuwa na subira, zipu zake zote zilikuwa zinainama upande.

Basi mjukuu wa Ba akaugua, akapelekwa Dar es Salaam, familia nzima ikaamua kuhamia huko. Ba akatuambia sote wawili, "Wanangu, cherehani siendi nayo. Nitamwachia mmoja wenu kabla sijapanda treni." Jina hakutaja. Mama Shija akaniangalia, nami nikamwangalia, na tangu siku ile hatukuazimana chumvi kwa roho safi. Kwangu ile cherehani haikuwa pambo. Ilikuwa ada, sare, na ugali wa watoto wangu.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Ningemuaga kwa bakuli la karanga za kukaanga ingetosha kabisa, lakini nikasema hapana, nitamwalika Ba chai kwangu nimtengenezee kile anachokipenda, mkate wa kuchovya kwenye maziwa ukakaangwa. Tatizo, Ba alikuwa kwenye nadhiri. Mpaka mjukuu apone, hali chochote kilichotoka kwa kiumbe chenye uhai, yai hapana (yai hakuwahi kula maishani), maziwa hapana, hata samli hapana.

Nikatumia akili yangu ya darasa la pili. Nilitwanga karanga mbichi, nikazikamua kwa kitambaa cheupe nikapata tui, nikakoroga humo unga wa dengu mpaka ukashika mwiko, chumvi kidogo, iliki kidogo. Mkate nilichukua wa jana, maana wa leo ukiuchovya unavunjika. Nikaukaanga kwa mafuta ya karanga, ukatoka rangi ya dhahabu, pembeni unalia kama bisi. Jamani, nilijisifu.

Ila haukuwa na utamu, na sukari sikuwa nayo. Mama Shija alikuwa jikoni kwangu tangu asubuhi (eti kunisaidia), akasema, "Paka asali, shoga. Unahangaikia sukari na wewe una kaka mrina asali?"

Na mimi nikapaka. Msinicheke. Kwetu asali ni kitu cha porini, unakwenda Sikonge, unapanda mti, unashusha mzinga, unarudi nayo kama mtu aliyekwenda kuchuma matunda ya ntalali. Mnyamwezi gani anamhesabu nyuki kwenye mifugo? Mama Shija akalamba kidole, akasema imekolea.

Wageni wakaja. Ba akakaa kwenye kiti, balozi Mzee Saidi pembeni yake, wanawake mkekani. Ba akauliza kabla ya kugusa, "Mwanangu, hamna maziwa?"

"Hamna, Ba. Tui la karanga na dengu tu."

Akala kipande, akafumba macho, akachukua cha pili. Nikaiona cherehani imekaa chumbani kwangu chini ya dirisha. Ndipo Mama Shija, yuleyule aliyelamba kidole, akapaza sauti, "Mh! Tamu hii! Mwenzetu sukari unaitoa wapi, sisi tunakunywa chai na chumvi?"

Mzee Saidi akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Mama Kulwa, una sukari humu ndani?"

Nyie, siku zile kuambiwa umeficha sukari ni kuitwa mhujumu uchumi, si mchezo. Nikaona nitatolewa nje na vyungu vyangu vikipekuliwa. Badala ya kusema neno moja nikabaki mahali pangu, nikakimbilia jikoni nikaja na bakuli lenyewe, nikalitua mbele yao kwa kishindo. "Sukari iko wapi? Angalieni! Asali hii!"

Ilikuwa na masega yake, na juu yake nyuki wamelala mabawa wazi.

Ba akawatazama wale nyuki. Akatema kilichokuwa mdomoni kwenye kiganja, akaanza kulia bila sauti, akilitaja jina la mjukuu wake. Mzee Saidi akakohoa, akasema, "Basi, sukari haipo," kama vile ndilo lililokuwa limebaki.

Siku ya safari nilikwenda stesheni kuomba radhi. Ba alinipa mkono kupitia dirisha la behewa. "Nadhiri nimeianza upya, mwanangu, hilo halinisumbui. Lakini Mama Shija ameniambia alikukataza asali, ukasema Ba hatajua. Hilo ndilo limeniuma."

Nikafungua mdomo, na treni nayo ikapiga honi yake ndefu, wakaondoka.

Mtoto alipona, nilisikia kwa Jayanti aliporudi kufunga duka, na nilifurahi kweli. Mimi siku hizi mgeni akija kwangu namwonyesha kila kitu kikiwa kwenye sufuria, achague kwa macho yake, na jikoni haingii jirani. Mama Shija ndiye fundi wa mtaa, kwa cherehani ya Ba. Sketi za shule za binti zangu anashona yeye, hakuna mwingine, na kila Januari nampelekea kitambaa, namwamkia vizuri, nazipokea zipu zikiwa zimeinama, narudi nyumbani kuzifumua na kuzipachika upya kwa mkono.