Jiwe la Omani katika Tanuu la Jambiani

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuwa na diploma ya jiolojia, na sikupewa na mtu. Nilizaliwa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, nikaenda Omani kubeba mawe kwenye machimbo ya chokaa, na jioni nikasoma. Miaka ya mwisho nilikuwa mimi ninayewaonyesha wachimbaji wapasue wapi. Nilirudi nikanunua nyumba mbovu Mji Mkongwe, na kwenye begi nilikuwa na jiwe moja.

Jiwe hilo lilikuwa na ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Lilitoka kwenye mwamba wa zama za Kretasia, na upande mmoja alionekana chaza mwenye umbo la pembe ya mbuzi. Chaza wa jamii hiyo walitoweka wakati mmoja na madinosau. Mwalimu mkuu wa skuli ya Jambiani, kijiji cha mama yangu, aliniomba nije niwaeleze wanafunzi juu ya viumbe wa baharini waliogeuka mawe. Nilimwahidi kwamba jiwe lenyewe watalishika kwa mikono yao, kisha nitaliacha skuli.

Wiki moja kabla ya siku tuliyoahidiana, mjomba wangu, ambaye ni fundi wa chokaa, alikuwa akinipangia tanuu hapo Jambiani. Kuta za Mji Mkongwe hazitaki saruji, hutaka chokaa. Magogo ya minazi hupangwa duara, juu yake mawe ya matumbawe, kisha husomwa dua na kutiwa moto. Wanawake wa kijijini walikuwa wakibeba mawe kichwani tangu asubuhi. Nilifika na jiwe langu nikamwonyesha kila mtu, na nilieleza mengi. Ilipoadhiniwa alasiri nililiweka chini, karibu na lundo la mawe yao, nikaenda msikitini.

Niliporudi, lundo lilikuwa halipo tena. Mawe yote yalikuwa juu ya tanuu.

"Mjomba, jiwe langu liko wapi?"

"Lipi?"

"Lile la Omani. Lenye chaza."

Alilitazama tanuu, akanitazama mimi. "Yote haya yana chaza, mpwa wangu."

Ni kweli, matumbawe ya Unguja yamejaa makombe. Nilimweleza kwamba haya ni ya juzi tu, langu lilikuwako kabla ya kisiwa chenyewe.

"Basi hapana tabu," alisema. "Mwenye diploma ni wewe. Tuonyeshe lipi, tulichomoe kabla ya dua. Lakini moja tu. Tukilichezea tanuu zaidi litaporomoka, na hawa mama zako washachoka."

Nililizunguka tanuu mara tatu. Jiwe la Kretasia ni zito na limeshikana. Tumbawe lina matundu. Mtu aliyesoma hakosei hapo. Lakini vumbi jeupe lilikuwa limeziba kila kitundu. Nikanyoosha kidole kwenye moja lililokuwa usawa wa kifua. Mjomba alilichomoa taratibu, akalifuta, akanipa.

Lilikuwa jepesi. Lilikuwa tumbawe.

"Masikini, jiwe la Omani limekonda kwa safari!" alisema mama mkubwa, dada yake mama.

"Au diploma kaisahau uwanja wa ndege," mwingine akadakia, na wote wakacheka.

Mjomba hakucheka. "Nnakuuliza kweli. Tulibomoe? Kesho tutapanga upya."

Niliwatazama wale wanawake, shingo na kanga zao nyeupe kwa vumbi.

"Washeni," nilisema.

Dua ikasomwa, moto ukatiwa. Nilianza kumwandikia mwalimu mkuu ujumbe wa kuahirisha, nikaufuta. Mimi siahirishi.

Siku ya nne, tanuu lilipopoa, mawe yalimwagiwa maji, yakatokota na kufumuka kuwa unga. Mama mkubwa alikuwa akichekecha. Akasita, akaniita.

"Njoo wewe. Hili limekataa kuiva."

Nilijua sababu kabla sijalishika. Jiwe lililoshikana namna ile, moto wa magogo hauliivishi mpaka ndani. Chaza aliyekuwa nje alikuwa ameshakwenda, amekuwa chokaa. Nililifuta, nikaligonga kwa nyundo. Likapasuka vipande viwili, na ndani alikuwamo chaza mwingine, amekatika katikati, kuta zake za rangi ya kahawia zinaonekana mpaka kwenye ncha. Miaka yote ile nilikuwa nikijivunia ganda la nje.

Mjomba alichukua nusu moja, akaipima kwa mkono. "Zito kweli. Lakini nyumba yako lisingeisaidia kitu."

Siku ya ahadi wanafunzi walizishika nusu zote mbili. Sasa zimo katika kabati la skuli, na kibandiko nilikiandika mwenyewe: Chaza, zama za Kretasia, Omani. Pembeni yake nililiweka lile tumbawe nililolichagua, wapate kulinganisha. Hilo sikuliandikia kitu. Mama mkubwa anapokuja skuli kuwachukua wajukuu zake, huwaeleza yeye.