Siku Fideli Aliponiwashia Taa

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa kutoisimulia, maana aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuiona ikimpata mtu mzima mwenye akili zake, lakini kila nikishuka Mbamba Bay nakuta imeshanitangulia, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (kuna mama mmoja pale sokoni anasema nilikutwa juu ya mti, si kweli, sikupanda mti wowote), kwa hiyo bora muisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Mimi naitwa Gaudensi, mzaliwa wa Chiwanda, ila riziki yangu iko Mbinga, naendesha mchomoko, hivi vigari vidogo vya abiria, ruti ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, ile barabara inayoteremka kona baada ya kona mpaka unaona ziwa lote liko chini yako na tumbo linakutangulia kufika. Gari si langu, ni la Mama Leonsia, mjane wa Maguu mwenye kahawa yake, mama mkali lakini wa haki. Na nianze kwa kuwaambia ukweli ambao wakati ule nilikuwa simwambii mtu: mimi naogopa. Naogopa kona, naogopa mteremko, naogopa lori likiwa mbele na naliogopa zaidi likiwa nyuma, nikiingia kwenye ukungu wa asubuhi naendesha huku nasali. Abiria walidhani ni ustaarabu, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sasa huku kwetu kahawa ikishauzwa na watu wakapata kupumua, kabla mvua hazijaanza, madereva tunashindana kuzunguka uwanja mmoja wa zamani wa mpira njia ya kwenda Maguu. Msifikirie yale magari ya kwenye televisheni. Ni haya haya yetu, yanabeba abiria Ijumaa na kushindana Jumamosi, yanazunguka duara la vumbi jekundu lililopangwa matairi chakavu na viroba vya makapi ya kahawa, na ni mtoano, kila Jumamosi wanapungua mpaka fainali.

Nilivyoingia humo ni upuuzi mtupu. Jumapili moja baada ya misa Mama Leonsia alikuwa amesimama na wenye magari wenzake, wanatambiana, akaniita, "Gaudensi, wewe si utaingia?" Mimi nilitaka kusema hapana, Mungu shahidi, ila mdomo ulikuwa umejaa kitumbua, nikaitikia kwa kichwa tu, nikijua nikimeza nitafafanua. Nilipomaliza kumeza wameshashangilia, mmoja kanipiga bega, na Mama Leonsia anatabasamu kwa namna ambayo sijawahi kumuona akitabasamu tangu afiwe. 

Nikajipa moyo kwamba nitatolewa Jumamosi ya kwanza na habari itaishia hapo. Sikutolewa. Wenzangu walikimbia mpaka wakaharibikiwa, huyu rejeta inachemka, yule gurudumu limechomoka, na mimi kwa uoga wangu napita pembeni pole pole nikiwapungia mkono, nahesabiwa nimemaliza. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Kuja kustuka niko kwenye mtoano wa mwisho, magari manane, yanatakiwa manne kwenda fainali, na hapo Mama Leonsia akabadilika.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi ya siku yenyewe, amesimama mlangoni mwa gari, "mimi wenzangu wananicheka. Wanasema gari langu linavizia mengine yafe ndipo lipite. Leo usipoingia fainali, funguo nampa Fideli."

Fideli ni mtoto wa kaka yake, kijana anayeendesha kigari kingine kibovu cha mtu mwingine, na anakiendesha hivyo hivyo kama kinataka kuruka. Na yeye alikuwa mmoja wa wale wanane. Nikaona dunia inanizunguka, maana bila ule usukani mimi ni nani, narudi Chiwanda kufanya nini, ziwani siendi (naogopa maji pia, msicheke). Nikajibu, "Nitaingia, mama." Halafu nikaenda chooni, nikarudi, nikaenda tena.

Pale kwenye mstari wa kuanzia waandaaji walikuwa wamemwomba afande wa usalama barabarani ashike bendera, yuko na sare yake nyeupe imenyooka, amefurahi kama yuko harusini. Tulimsalimia wote. "Jambo afande!" "Jambo! Leo ruksa kukimbia," akasema, tukacheka. Hili mlikumbuke, kwamba askari tulikuwa tumemuona kwa macho yetu na tukacheka naye.

Bendera ikashuka, na kuanzia hapo sikumbuki nilipumua saa ngapi. Vumbi lilifunga kioo chote. Watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye matairi yenyewe, na kwa kuwa vumbi lilikuwa juu zaidi kuliko chini, nyuso zao sikuziona, niliona miguu tu: ndala, buti za mvua, miguu mitupu ya watoto, kila kona miguu, na kila gari likinipita lilinisukuma kwa upepo wake kuelekea kwenye ile miguu. Kilichonitisha hakikuwa kufa mimi. Nilikuwa naona kabisa usukani unateleza, naona ndala moja imebaki barabarani. Mikono ilitoka jasho mpaka nikawa naifuta kwenye suruali mmoja mmoja. Nikawa nasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, "Taratibu, taratibu, taratibu," na mguu wangu hautaki kukanyaga mafuta hata nikiuamuru.

Wakati huo magari yanakufa kama kawaida. La kwanza likazimika, la pili likaparamia viroba, la tatu likatoa moshi. Tukabaki watano. Mimi ndiye wa tano, na siyo wa tano wa karibu, nilikuwa nimeachwa karibu mzunguko mzima, kiasi kwamba wale watatu waliokuwa wanakimbizana walikuwa nyuma yangu wanakuja kunizunguka, mtu asiyejua angesema nawaongoza. Fideli ndiye alikuwa mbele ya wote. Nasikia mtangazaji anapiga kelele kwenye spika, "Akifa mmoja tu, Gaudensi yumo! Akifa mmoja tu!" Nami, Mungu anisamehe, nikaomba afe mmoja. Gari, siyo mtu.

Nikakamilisha kona ya upande wa mibuni, na nilichokiona mbele yangu ni Fideli. Gari lake lilikuwa limezunguka lenyewe, limezimika katikati ya njia, limetazama kule tunakotoka, yaani linanitazama mimi. Nafasi ya kupita ilikuwepo, kubwa, hata mama yangu angepita. Nilichotakiwa kufanya ni kupita tu, basi, niko fainali na usukani ni wangu.

Fideli akaniwashia taa. Mara mbili.

Sasa ninyi mnaopanda magari yetu mnajua: dereva anayekuja mbele yako akikuwashia taa hivyo mchana kweupe, maana yake ni moja, huko mbele wako askari. Ndiyo undugu wetu wa barabarani, wa Songea anamwashia wa Mbinga, wa Mbinga anamwashia wa Mbamba Bay, na mwili wa dereva umeshazoea, hausubiri akili. Mguu wangu ukaacha mafuta. Mkono ukavuta mkanda (sikuwa nimefunga mkanda, kwenye mashindano! kwa hofu nilikuwa nimesahau). Macho yakatafuta pa kujibanza, yakaona mwanya kati ya viroba, ule ulioachwa gari la maji lipite, nikakata kushoto, nikaingia, nikateremka moja kwa moja katikati ya mibuni, nikazima gari, nikainama.

Na hapo ningekuwa nimeaibika peke yangu, ningevumilia. Lakini nyuma yangu walikuwa madereva wa michomoko. Wameona taa, wameona mwenzao kakata kushoto kwa haraka, nao wakaamini. Nikasikia la kwanza linaingia kwenye mibuni, la pili likafuata. La tatu likajaribu kwenda mbali zaidi ili lijifiche vizuri, likatumbukia kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, likabaki mkia juu. Wote tukazima.  Mwenzangu wa jirani akaninong'oneza kupitia dirishani, "Wako wangapi?" Nikamnyooshea vidole viwili. Sijui nilivitoa wapi.

Halafu huko juu zikaanza kelele. Kwanza mtangazaji, "Jamani... magari yako wapi?" Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, kisha wengi, yowe la msiba kabisa, lile ambalo ukilisikia kijijini unaacha jembe.  Nikajua nimeua. Nilipokata kushoto palikuwa na miguu pale, nilikumbuka, palikuwa na miguu, na mimi sikutazama. Nikaanza kuitafuta kichwani, ndala za bluu, buti, mtoto mwenye soksi moja, nani hakuwepo baada ya kukata kona? Nikashuka nikaangalia bampa kama kuna damu. Hakuna, ila sikuyaamini macho yangu. Nikarudi ndani, nikafunga mkanda tena, nikakaa wima namsubiri atakayekuja kunikamata. Nawaambia hivi, katika maisha yangu sijawahi kuogopa kama dakika zile, na sitaki kuogopa hivyo tena.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Leonsia. Anakimbia kati ya mibuni, kilemba kimedondoka, kiatu kimoja mkononi, analia, "Gaudensi! Mwanangu Gaudensi!" Nyuma yake watu kibao na maturubai na fimbo za kubebea majeruhi. Kumbe chini ya ile mibuni kuna korongo, na watu walipoona magari manne yametoka uwanjani kwa pamoja wakajua yote yamekatika breki na tumekwenda korongoni. Yale mayowe yalikuwa ya kutulilia sisi. Wakakuta madereva wanne wazima, kila mtu ndani ya gari lake, mkanda umefungwa, mikono juu ya usukani.

Mama Leonsia akasimama. Akafuta machozi kwa kiganja.

"Mnamkimbia nani?"

 Yule wa kwenye ngolo akasema kutoka huko chini, "Shikamoo mama."

"Nimeuliza mnamkimbia nani!"

"Askari, mama," nikasema, na nilipolisema tu hilo neno nikaona sare nyeupe inakuja taratibu kati ya mibuni, na bendera bado mkononi. Afande aliyetufungulia mashindano. Alikuwa hacheki tena.

"Hebu," akasema, "mimi nimesimama na ninyi tangu asubuhi, hakuna aliyenikimbia. Sasa kama mmejificha, kuna kitu. Leseni. Bima. Wote."

Wale watatu wakaanza kukuna vichwa. Huyu bima imekwisha, yule matairi yamekuwa laini kama kiganja, wa kwenye ngolo hana leseni kabisa. Akafika kwangu. Akaangalia leseni, akaangalia bima, akazunguka gari, akapiga teke matairi, akaniwashisha indiketa kushoto na kulia. Kila kitu kilikuwa sawa, maana mtu anayeogopa kama mimi hawezi kutembea na kitu kilichokwisha muda. Akanirudishia karatasi zangu, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa wewe ulikuwa unakimbia nini?"

Nikatafuta kosa langu ili nimpe. Sikuliona. "Sijui, afande," nikasema, na umati wote uliokuja kutubeba maiti ukaangua kicheko, watu wakakaa chini kwa kucheka, kuna mzee mmoja alishikilia mti wa mbuni mpaka tawi likakatika. Mama Leonsia peke yake hakucheka.

Huku nyuma Fideli alikuwa amesukumwa na watazamaji, gari likawaka, akamaliza peke yake. Akaja mbio kwangu, masikini, hana ubaya, "Kaka, nilikuwa nakuambia nimezimika, usinigonge!" Kabla sijamjibu Mama Leonsia alishanyoosha mkono, nami nikampa funguo, na nilipompa nikasema kitu ambacho sijui kwa nini sikukisema siku ile ya kitumbua. "Mama, mimi naogopa. Siku zote naogopa." Akanitazama kidogo, akampa Fideli zile funguo, akaondoka. Nikarudi Mbinga nimekaa kiti cha nyuma cha gari nililokuwa naliendesha asubuhi.

Jumatatu nikaenda stendi kuaga tu, nichukue koti langu lililobaki kwenye gari. Wale akina mama wanaoshuka Mbamba Bay kununua samaki walikuwa wameshafika na ndoo zao. Gari lilikuwa la kwanza kwenye foleni, Fideli kwenye usukani, redio juu. Mmoja akachungulia ndani, akarudisha mlango pole pole bila kuingia. Wa pili akachungulia, naye akakaa juu ya ndoo yake. Mama Leonsia alikuwa amesimama pembeni, akawauliza, "Vipi, hamsafiri?"

"Tunasafiri," akasema yule wa kwanza. "Yule mwoga yuko wapi?"

"Gari si ndilo hili?"

"Gari tumeliona, mama. Tunamtaka mwoga. Sisi tuna watoto."

Wakacheka wote, na mimi nikiwa nyuma ya nguzo nilitamani ardhi ipasuke, nikasikia machozi yananilenga, sijui ya aibu au ya nini. Mama Leonsia akageuka akaniona.  Alimgongea Fideli dirisha, Fideli akazima redio, akashuka, akanishikia mlango, na wale akina mama wakainua ndoo zao, wakaingia.

Kuanzia siku ile nimeapa, mashindano hata ya kukimbia na gunia sishiriki, na mtu akiniuliza swali nina chakula mdomoni, namuonyesha kwa kidole asubiri, nameza kwanza. Kwenye kioo cha nyuma cha gari, pale ambapo wenzangu wameandika Simba wa Nyika na maneno mengine ya kutisha, Mama Leonsia alilipeleka kwa fundi bila kuniuliza, likarudi limeandikwa neno moja la herufi kubwa nyekundu: MWOGA. Nililia nikimsihi lifutwe. Alikataa, na tangu hapo viti havibaki wazi.