Siku Nne za Darajani

Kitabu kililetwa dukani kwangu na mwenyekiti wa vijana wa chama, bwana mmoja mwenye mvi na wajukuu watatu. Alikiweka juu ya mashine ya fotokopi, akafuta jalada kwa kiganja, akaniambia kwamba mgombea wao wa ubunge wa jimbo ameandika maisha yake na kwamba mtaa wetu mzima wa Mangobo lazima usome. Nakala zilizochapwa zilikuwa chache na zote zimeishia kwa wakubwa, kwa hiyo nitoe fotokopi. Nikamuuliza kama anataka kitabu kizima. Akasema hapana, jalada na sura ya tano tu, ile ya vita.

Nina kaduka ka kuchapa barua na kutoa fotokopi, kando ya njia inayoelekea sokoni. Mashine yangu haina chama. Wakati wa kampeni natoa nakala za kila mtu, na kila mmoja namwambia atashinda, kwa sababu sijaona faida ya kumwambia mteja vingine.

Msimu ule waliotugawa walikuwa wagombea wawili. Mmoja, huyo mwenye kitabu, aligawa kofia. Mwingine, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja, aligawa vitenge. Basi tukawa na Watu wa Kofia na Watu wa Kitenge. Niliona majirani wengi wenye kofia kichwani na kitenge kiunoni, na nilipowauliza wako upande gani walinijibu kwamba jua ni kali.

Sura ya tano ilisimulia jinsi mgombea, akiwa askari kijana wakati wa vita, alivyolinda daraja moja kwenye barabara ya Bafwasende pamoja na wenzake kwa siku nne. Siku nne bila kulala na bila kula, isipokuwa muhogo mbichi waliochimba kwa visu. Jaladani alikuwa mwenyewe, mwembamba, kavaa gwanda, bunduki kifuani. Watu wa Kofia waliibeba sura hiyo kila walikokwenda. Siku mbili baadaye wakaja Watu wa Kitenge. Wao walitaka ukurasa mmoja tu wa sura ya nane, ambapo mgombea alikumbuka kwa furaha ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, mjini, katika juma lile lile la darajani. Waliomba nakala hamsini na wakaazima kalamu yangu nyekundu.

Toka hapo hapakukalika. Upande mmoja ulisoma sura ya tano, upande mwingine ulisoma ukurasa wa sura ya nane, na hakuna aliyetaka kuona karatasi za mwenzake. Kitabu kizima nilikuwa nacho mimi peke yangu, na hakuna aliyeniuliza kilisema nini.

Bunge lao lilikuwa benchi la tonton. Tonton ni mdogo wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Anatengeneza baiskeli kwenye baraza ya duka langu, hasa zile za toleka, zinazobeba abiria, kwa hiyo kila anayeendesha toleka Mangobo hukaa pale angalau mara moja kwa juma akisubiri gurudumu lake na kusema ovyo juu ya serikali. Tonton alikuwa wa Kitenge tangu siku ya kwanza. Na zaidi ya hayo, alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho: yeye mwenyewe alipigana kwenye daraja lile.

Hadithi yake niliijua toka utotoni. Jinsi risasi ilivyompita sikioni. Jinsi alivyogawana muhogo mbichi na kaka mkubwa wa tantine, mke wake, askari aliyefia pale darajani siku ya nne. Tonton ndiye aliyepeleka habari ya msiba kwa familia ya marehemu. Alikuja mara ya kwanza kuleta habari, akaja mara ya pili kuulizia hali, na mara ya tatu alikuja na wazee kuposa. Shuleni nilipigana na msichana aliyesema tonton wangu ni fundi baiskeli tu.

Kwa hiyo siku ugomvi wa kurasa ulipokwama, wote waligeuka kumtazama yeye.

"Tonton," akasema mwendesha toleka mmoja, "weye ulikuwa pale darajani. Donc sema tu. Ule mutu alikuwa kwa pont ao hakukuwa?"

"Ngoja nimalize hii tairi."

"Lakini ile tairi iko muzima."

Tonton akaitoa upepo, akaanza kuijaza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuamini. Huyu ni mtu ambaye hana haja ya kuombwa ili asimulie vita. Humsimulia hata muuza maji. Sasa mpinzani wake mkubwa yumo mikononi mwake, neno moja tu lingemmaliza, na yeye anapima upepo. Ikawa hivyo siku tatu. Watu wa Kitenge walianza kunong'ona kwamba amenunuliwa kwa kofia.

Nilipata jibu kwenye jalada, nilipokuwa nikilipitisha mashineni kwa mara ya mia. Mkanda wa bunduki ya mgombea ulikuwa umekatika, ukaunganishwa kwa kitambaa cheupe chenye fundo kubwa. Fundo lile nililijua. Liko sebuleni kwetu, kwenye picha ya tonton akiwa askari, ambayo tantine huifuta vumbi kila Jumapili. Bunduki ni ile ile na ukuta ni ule ule. Tofauti ni kwamba ya kitabuni ilikatwa pembeni na yetu haikukatwa. Kwenye yetu, nyuma ya tonton, kuna sufuria tatu kubwa na kilima cha maganda ya makemba, zile ndizi za kupika. Nililala chini ya maganda yale miaka yote ya utoto wangu, na sikuwahi kujiuliza ni vita gani inayopiganwa kwa ndizi.

Mchana nilimwita tonton ndani, nikafunga mlango na kuweka kitabu mbele yake. Alitazama jalada, akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mi sikufika kwa ile pont," akasema. "Hata siku moya. Ule naye hakufika. Shiye wawili tulikuwa kwa cuisine ya camp, tuko tunamenya makemba. Bunduki ilikuwa ya mulinzi. Kila mutu alishika kidogo ju ya photo."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimkumbuka yule msichana wa shule na nywele zake nilizong'oa. Halafu nikaona uso wa tonton na kicheko kikanitoka chenyewe. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba mgombea anamkumbuka vizuri, hata juzi msafara ulipopita alimwinulia mkono kutoka garini. Kila mmoja alikuwa amemziba mwenzake mdomo. Akisema yule hakuwa darajani, yule atauliza na wewe ulikuwa wapi.

"Na wakijua? Watakucheka wiki moja."

"Hawa bacheke. Mi naogopa tantine yako."

Ndipo nikaelewa. Alikwenda kwa familia ile kama mtu aliyekuwa na kaka yao mpaka mwisho. Wakamfungulia mlango kwa sababu hiyo, wakampa binti yao kwa sababu hiyo, na maneno ya mwisho ya marehemu, ambayo tantine anayajua kwa moyo, tonton aliyatunga njiani akiwa juu ya baiskeli. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na aliona mama wa watu analia. Leo ana wajukuu, na kitu alichoogopa kuliko vyote duniani ni tantine kumtazama kama mgeni. Nikamwahidi nitanyamaza.

Ahadi yangu ilihitajika hadi Jumamosi tu. Mwenyekiti wa vijana alifika na miwani yake na sura ya tano, akasimama mbele ya benchi lililojaa, akatangaza kwamba atasoma ukweli mbele ya shahidi na shahidi atakanusha akiweza. Tonton aliinama kwenye mnyororo. Mwenyekiti alisoma vizuri, lazima niseme. Alipofika pale pa njaa alipandisha sauti: siku nne, matumbo yamegandamana na mgongo, vijana wanatafuna mizizi yenye udongo, na wengine wanakufa bila kuonja chakula. Watu wa Kofia wakapiga makofi. Hata wa Kitenge wawili walipiga, kwa kujisahau.

Tantine alikuwa amefika saa hiyo na chakula cha mchana cha tonton, lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki, kwenye bakuli lenye mfuniko. Alisimama nyuma ya watu mpaka makofi yakaisha.

"Kila mara munasoma ile mambo ya njala, muko munafurahi," akasema, si kwa hasira. "Ndugu yangu alikuwa mutu wa kula. Mama yetu alikufa iko anauliza kama mutoto wake alikufa na njala. Mi pia, kila siku nikiweka sufuria kwa moto, ninawaza ile. Bon. Musome polepole tu."

Akaweka bakuli juu ya benchi, akageuka kuondoka. Nilimtazama tonton. Mnyororo ulikuwa umemtoka mikononi.

"Hakukufa na njala," akasema.

Tantine akasimama. "Unajua je? Weye mwenyewe unasemaka mulikula muhogo mubichi."

"Nilikuwa nabongopa. Sikukuwa kwa pont. Nilikuwa kwa cuisine, miye na ule mwenye kitabu. Chakula yenye ilienda kwa pont, miye njo nilipika."

Dunia ikapasuka. Watu wa Kitenge waliruka wakipiga kelele kwamba shujaa wa kofia alikuwa anamenya ndizi. Mwenyekiti, nampa sifa zake, alihitaji muda wa kuvua miwani tu. Akasema, alors, jeshi gani linapigana bila kula? Kumbe mgombea wao ndiye aliyelisha daraja zima. Dakika tano baadaye hakuna aliyebishana tena kuhusu nani alikuwa wapi. Walibishana kama mpishi ni askari. Jumatatu pande zote mbili zilikuja kwangu na karatasi mpya, moja ikisema mpishi si askari na nyingine ikisema bila mpishi hakuna askari, na nikawaambia wote kwamba watashinda. Hawakushinda. Alichukua kiti mgombea wa tatu ambaye hatukuwahi kumwona. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jumamosi ile, katikati ya kelele zile, tantine alirudi mpaka kwenye benchi na kumwambia mwendesha toleka mmoja asogee. Akakaa karibu na tonton. Mimi nilikuwa nyuma yao mlangoni, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote.

"Donc maneno yake ya mwisho?" akauliza.

"Sikuyasikia. Niliyatunga."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Umeniacha nilie njala yenye haikukuwa," akasema. "Miaka yote. Na mama pia." Akampiga begani kwa kiganja, kwa nguvu, mara mbili, na tonton hakukwepa. Kisha akauliza, "Mulipika nini?"

"Lituma na samaki ya makayabu. Na mafuta ya mawese."

"Siku zote ine?"

"Siku zote ine. Camion ilibeba asubuhi."

"Na balikula?"

"Sufuria zilirudi tupu. Balikomba mupaka chini."

Tantine alifikiri. Nyuma yao mwenyekiti alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Chumvi uliweka? Ndugu yangu hakukuwa anaweza kula kitu bila chumvi."

"Niliweka mingi," akasema tonton. "Mupaka chef alinigombeza."