Kidevu Kilichobaki Nje

Nilimwonea wivu, na nilijiona nina haki. Miaka yote tulipofundishwa ukumbini, kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, hapo hakunifikia mtu. Mkufunzi aliniita mbele niwaonyeshe wengine. Mwenzangu wa Kawangware, muuguzi kama mimi, alisimama nyuma akiangalia saa.

Kisha mafunzo yakahamia mtandaoni, na yeye akawa ndiye yeye. Alikuwa na waifai, taa nzuri na sauti ya mtangazaji wa redio. Mimi nilikuwa nyumbani Mashimoni, mvua inapiga mabati, mkufunzi anasema hanisikii, niandike tu. Kabla sijamaliza kuandika jibu, mwenzangu ameshalitaja na kusifiwa. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

Mtihani wa mwisho ulikuwa video: kila mmoja ajirekodi akimpulizia mwanasesere, aitume kwenye grupu, wenzake wamkosoe. Mshindi angekuwa mkufunzi wa wauguzi wapya. Niliitaka nafasi hiyo vibaya sana. Mwanasesere wangu nilimshona kwa taulo kuukuu. Wake alikuwa wa dukani, ana nywele.

Niliitazama video yake mara sita, nikitafuta kosa. Nikalipata. Maski ya kupulizia hewa ilifunika pua na mdomo wa mwanasesere, lakini kidevu kilibaki nje, kwa hiyo hewa ingevuja yote pembeni. Wengine waliona nywele tu. Nilianza kuandika, nikafuta. Nilijiambia mkufunzi atamkamata mwenyewe, na nafasi itakuwa yangu. Nikamtumia dole gumba kama wenzangu.

Hakukamatwa. Nafasi akapewa yeye, nami nikanuna wiki nzima.

Mwezi uliofuata, kwenye kliniki yetu ya Silanga, mtoto alizaliwa kimya. Muuguzi mpya aliniwahi kushika maski. Akapuliza, akapuliza, kifua hakikupanda. Nikaona kidevu kiko nje. Nilimsukuma, nikaishusha maski, nikapuliza mwenyewe, na baada ya muda ulionizeesha mtoto akalia.

Nilimuuliza yule binti, kwa ukali, nani alimfunza kushika hivyo.

"Ni madam wa online, sista," alisema. "Sisi wote tulifunzwa hivyo."

Nilitoka nje kumpigia mwenzangu simu, nimweleze niliyoyaona na nilivyonyamaza. Na hata simu ilipokuwa ikiita, kuna sehemu ya moyo wangu iliyokuwa ikifurahi kwamba amekosea.