Aune na Barabara za Reino

Aune Niemela alipika katika shule ya msingi ya mji wetu wa Hancock, karibu na Ziwa Superior, mpaka mikono yake ikakataa kunyanyua masufuria. Watu wazima wa hapa, ukiwatajia jina lake, hukumbuka kwanza supu yake ya njegere ya kila Alhamisi. Mumewe, Reino, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Aliondoka na mbao, akarudi na chochote alichopakiwa huko, na kila aliporudi alileta hadithi.

Nyumba yangu ni ya pili kutoka kwao, kwa hiyo nilizisikia nyingi nikiwa mezani kwao na kikombe cha kahawa mkononi. Kulikuwa na mgahawa Wyoming ambao mhudumu wake haandiki oda, anaziimba, na madereva wanaitikia. Kulikuwa na mji South Dakota ambako upepo ulimpora mtu kipande cha pai akiwa tayari amefungua mdomo. Aune alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko mji wa Green Bay, na huko alikwenda kupasuliwa kibofu cha nyongo. Angekwenda wapi tena? Alikuwa na watoto wa kulea na mama mkwe wa kuuguza, na shule nayo ilimsubiri. Walikubaliana kwamba Reino akistaafu watazunguka wote wawili, mahali kwa mahali.

Reino akastaafu, na haukupita muda akaanza kusahau. Tulidhani ni uzee tu. Kisha akawa anatoka uani akiwa amevaa nguo za kulalia, akitafuta lori lililokwisha kuuzwa zamani. Mwishowe Aune hakumweza tena, akampeleka kwenye nyumba ya wazee kule kilimani. Alimtembelea kila siku baada ya chakula cha mchana. Reino alimsalimu kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu uliyesimama naye kwenye foleni ya posta.

Majira hayo ya baridi maktaba ilitangaza darasa la kuchora na kupaka rangi za maji, kwa wasafiri wanaoweka daftari la safari. Mimi ndiye niliyemvuta Aune. Alisema yeye si msafiri. Nikamwambia hata mimi si msafiri, ila maktaba kuna joto na biskuti.

Mwalimu aliitwa Colette Beaudry, mwanamke mwembamba kutoka Quebec, mwenye madoa ya rangi kwenye mikono ya sweta. Alituambia msafiri hana muda: basi linanguruma, mvua inakuja, wenzako wana njaa. Kwa hiyo usichore mlima mzima. Chagua kitu kimoja unachoweza kukifunika kwa kiganja. Kichore kwa kalamu ya wino, maana kifutio kinakula muda. Rangi tatu zinatosha, bluu, njano na hudhurungi, nyingine utazipata kwa kuzichanganya. Anza na kivuli, na pale penye mwanga usipake kitu, acha karatasi yenyewe iwe mwanga. Pembeni andika yale ambayo brashi haiwezi: harufu, sauti, ulichokula. Kisha funga daftari uondoke.

"Na ikiwa mbaya?" Aune akauliza.

"Itakuwa mbaya," Colette akamjibu. "Unafungua ukurasa mwingine."

Aune alichora kipasha joto cha mabomba cha maktaba. Kilitoka kama mbavu za ng'ombe aliyekufa njaa, naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Reino ahame nyumbani. Wiki iliyofuata alikuja na kopo la peremende za kifua, ndani yake amepanga vifuniko vya chupa, kila kimoja na rangi yake. Mpishi ni mpishi.

Akapeleka ile picha kilimani. Mwanawe alikuwa amemletea Reino kishikwambi chenye picha za familia, lakini Reino alikuwa akikisukuma mbali, mwanga wake ulimkera. Karatasi aliipokea. Aliipapasa kwa kidole gumba pale rangi ilipokauka kwa mikunjo, akaishika muda mrefu. Siku hiyo Aune alirudi nyumbani na wazo kwamba atamletea barabara zake, karatasi moja baada ya nyingine.

Kiangazi kilipofika akapakia pikapu. Mimi ningemsindikiza, lakini nyonga yangu haivumilii safari. Binti yake, Sylvi, alimwambia kwenye simu kutoka Texas kwamba huo ni wazimu, mwanamke wa umri wake kuendesha gari peke yake mpaka Wyoming. Aune akamjibu kwamba baba yake aliendesha kubwa zaidi ya hilo, na hakuna aliyemwita mwendawazimu.

Ninayoyajua ya safari hiyo ni yale aliyonisimulia baadaye. Kila mgahawa aliulizwa, "Uko peke yako, mama?" na kila mara alijibu ndiyo, kama mtu anayekiri kosa. Chumbani kwenye nyumba za wageni kando ya barabara alijikuta akilala ukingoni mwa kitanda, akimwachia mtu nafasi. Kule Badlands, nyika ya South Dakota, aliona majabali yenye mistari ya waridi na njano, mstari juu ya mstari, akageuka aseme "tazama." Aliyekuwa kando yake ni mwanamume asiyemjua, anampiga picha mbwa wake. Basi akafanya alivyofundishwa. Alichora mstari mmoja wa jabali na ncha ya kiatu chake, akaandika pembeni: upepo, majani makavu, sandwichi ya yai. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumenya viazi vya watu wawili.

Kisha akafika kwenye ule mgahawa wa Wyoming. Jina lilikuwa lilelile. Mwenye mgahawa, mama mmoja aitwaye LaVonne, alikuwa akihudumu pale tangu usichana wake. Aune akamuuliza juu ya kuimba.

"Kuimba?" LaVonne akasema. "Hapa madereva wanakula kimya, mama. Wanaangalia sahani zao. Wengine wanasinzia na uma mkononi."

Aune akamweleza Reino alivyokuwa: mrefu, mabega mapana, lafudhi ya kwetu. LaVonne akafikiri, akasema anamkumbuka mmoja wa namna hiyo, alikuwa anakaa pale dirishani. Mtu mwema, hasumbui. Ila hakuwa msemaji.

Aune alihamia meza ya dirishani. Nje kulikuwa na uwanja wa changarawe, pampu ya mafuta na uzio, kisha anga. Alichora kikombe chake cha kahawa na kona ya dirisha, na kivuli cha kikombe mezani. Hewa ya huko ni kavu, rangi ilikauka kabla hajasafisha brashi. Pembeni aliandika: friji inavuma, hakuna anayeongea.

Alifika pia kwenye sehemu nyingine za hadithi. Kote alikuta changarawe, na chumba chenye kitanda na televisheni. Alinipigia simu kutoka mojawapo.

"Marlys," aliniambia, "huku hakuna kitu. Alinidanganya miaka yote."

Nilimwambia arudi nyumbani.

Siku ya pili baada ya kurudi alipanda kilimani na daftari, bado ana hasira kidogo. Reino alikuwa amekaa kando ya dirisha amevaa sweta iliyofungwa vifungo kombo. Aune akamfunulia kurasa polepole. Majabali hayakumshughulisha. Alipofika kwenye kikombe cha kahawa, akauzuia ukurasa kwa mkono.

"Hapa napajua," akasema. "Wewe umefika kweli. Wengi wanasema wamefika, kumbe wamepita tu."

"Ulikuwa unakaa na nani hapo?" Aune akamuuliza.

"Barabarani unakaa na nani? Peke yangu." Akamtazama usoni, kama mtu anayemwomba mgeni asiondoke mapema. "Nina mke, unajua. Aune. Mpishi hodari. Ananingoja nyumbani."

"Mbona hukumchukua hata mara moja?"

Reino alinyoosha kona ya ukurasa iliyokunjika. Kisha akasema, "Nilikuwa nampelekea hadithi. Nazitunga njiani, ili nikifika mezani niwe na cha kumpa. Ningemchukua angeona changarawe. Angejua nilivyokuwa nakaa."

"Ulikuwa unakaaje?"

Akaweka kidole juu ya kile kikombe. "Hivi."

Muuguzi akapita na toroli ya juisi. Reino akasubiri apite, akainama karibu na Aune.

"Usimwambie," akasema.

"Simwambii," Aune akasema.

Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka kilimani, akakaa jikoni bila kuvua koti, akanisimulia yote hayo bila kupumzika. Alilia, lakini si sana. Kilichomtesa zaidi si uongo. Alisema miaka yote alikuwa akimwonea wivu, yeye akinuka vitunguu vya shule na mwenzake anaona dunia, kumbe kila mmoja alikuwa anakula peke yake.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia kuwa ni yeye. Alijaribu wiki iliyofuata. Alimshika mkono akamwambia, mimi ndiye Aune, Reino, mimi ndiye mkeo. Reino akarudi kwenye adabu zake za posta. Alimuuliza kama chakula cha jioni kitachelewa, akaugeuzia ukuta uso. Aune hakujaribu tena. Tangu hapo akawa "yule mama wa rangi," na yule mama wa rangi alikaribishwa kwa furaha, akavutiwa kiti, akaambiwa mambo ambayo mke hakuwahi kuambiwa. Aliambiwa jinsi Reino alivyokuwa akizungumza na taa za mji wa mbali. Aliambiwa pia kwamba aliwahi kusimamisha lori kando ya njia akaimba nyimbo za kanisani mpaka sauti ikakauka, kwa kuwa hakuwa amesikia mtu akiongea tangu juzi yake. Aune alisikiliza yote hayo akiwa mgeni. Sijui kama mimi ningeweza.

Vuli ilipoingia alisafiri tena, safari hii pwani ya kaskazini ya Ziwa Superior, upande wa Minnesota. Baridi ya huko hugandisha rangi kwenye karatasi na kuacha alama kama majani ya kangaga. Colette alikuwa amemwambia dawa yake: tia vodka kidogo kwenye maji ya brashi, hayataganda. Aune hajanywa kileo maishani. Dukani, alikokwenda kuinunua kabla ya kuondoka, alikutana uso kwa uso na mke wa mchungaji wetu.

"Ni ya kuchorea," Aune akamwambia.

"Na hii yangu ni ya keki," mke wa mchungaji akasema, akaipandisha chupa yake kwapani. "Twende zetu, Aune, hatujaonana."

Picha za safari hiyo ni nzuri kuliko zote. Kuna moja ya kamba ya boti iliyojaa barafu, na nyingine ya pasti, mkate wa kwetu uliofungwa nyama na figili ndani, aliyokuwa akila ndani ya pikapu, imeumwa nusu, mvuke wake ameuacha kwa weupe wa karatasi. Reino aliipenda hiyo ya pasti. Alitaka kujua nani aliipika, maana mkewe hutia figili nyingi zaidi.

Reino alifariki Machi, usingizini. Ardhi ya kwetu mwezi huo ni ngumu kama chuma, kwa hiyo tulimwombea kanisani na maziko yakasubiri theluji iyeyuke. Watoto walikuja, wakarudi makwao, ikabidi waje tena Mei. Katikati ya hapo Aune hakujua ajiweke wapi. Kila siku baada ya chakula cha mchana miguu yake ilimpeleka kilimani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na koti lake, wauguzi wakampa kahawa, akainywa, akashuka. Hakuchora kitu. Nilimuuliza kama alikuwa na daftari mkobani. Alisema alikuwa nalo, lakini kila alichokiona alitaka kumwonyesha mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Mei tukamzika. Juni aliwasha pikapu akaelekea magharibi, akapita Wyoming bila kusimama isipokuwa kujaza mafuta, akaenda mpaka Oregon, mahali ambapo lori la Reino halikuwahi kufika. Kutoka huko nilipata kadi aliyoipaka mwenyewe. Sehemu kubwa ni karatasi tupu, chini kuna utepe wa kijivu na nukta nyeusi ambazo nadhani ni ndege. Pembeni aliandika: "Bahari. Baridi. Nimekula chaza, sikupenda. Hakuna aliyewahi kunisimulia habari za hapa."

Bado anasafiri kila kiangazi, ingawa si mbali kama zamani. Akirudi huja kwangu kabla hata hajafungua madirisha ya kwake, anaweka daftari mezani, ananifunulia kurasa moja moja huku akiniangalia uso. Ninamwambia ni nzuri, na kweli ni nzuri. Yeye husubiri kidogo, kama nina la kuongeza. Sina, maana mimi sijafika huko. Basi anafunga daftari, tunakunywa kahawa.