Ubeti wa Pili

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, mnalivuta mpaka linyooke, kisha mnakutana katikati uso kwa uso. Mimi na Dada Rula tumekutana hivyo miaka kumi na sita katika chumba cha kufulia, kwa hiyo usoni mwake hakuna kinachonipita. Jina la Rula tulimpa wenyewe, maana shuka alilolikunja yeye unaweza kulitumia kupigia mstari. Kazi hii alinitafutia yeye, na alinifundisha bila kunidharau, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa nayasimulia kwa shukrani, hata nikionekana namcheka.

Mwanawe wa pekee ni rapa. Jukwaani anaitwa Mnong'ono, kwa sababu wenzake wanafoka na yeye anaimba kama mtu anayejisemea peke yake akifunga kamba za viatu. Nyimbo zake hazina sherehe wala magari. Zina mambo ya moyoni, tena ya mafumbo, na watu wanapenda kuyafumbua. Redioni kuna kipindi cha mchana ambapo wasikilizaji hupiga simu na kueleza mistari yake ina maana gani. Siku ulipotoka wimbo mpya tuliongeza sauti ili mashine zisitushinde. Dada Rula alikuwa anapiga pasi makoti ya madaktari, anatabasamu kabla hata muziki haujaanza.

"Kufuli kwa nje, ndani niko peke yangu,
miaka sita, napiga soga na kiatu changu."

Tabasamu likakatika. Alivuka chumba, akazima redio, akasema kichwa kinamuuma. Alipoikumbuka pasi, koti lilikuwa linatoa moshi. Tangu nimjue hakuwahi kuunguza hata leso.

Wiki nzima ikawa hivyo. Wimbo ukianza, anazima. Wapiga simu wakifika, anawasha, nadhani ili asikie kama kuna aliyepatia. Mmoja alisema kufuli ni jela. Mwalimu wa chuo alisema ni jamii, akaeleza weee, mpaka mtangazaji akamkata. Dereva wa lori akasema kufuli ni ndoa, na kwa sauti ile nilijua kwake hakukaliki. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada Rula hakucheka.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Siku ya sita, tukiwa tumeshika shuka, nikamwambia, "Dada, sema kilichokusibu, la sivyo leo siziachii hizi pembe."

"Hilo kufuli si fumbo, mdogo wangu," akasema. "Nililinunua mimi."

Akanieleza. Baba wa mtoto alikuwa amefariki, ndugu walikuwa mbali, na zamu ya hapa ilikuwa inaanza alfajiri. Jirani aliyekubali kumwangalia mtoto alikuwa mgonjwa, haamki mpaka kupambazuke. Kwa hiyo mwaka mzima alimwacha mtoto wa miaka sita amelala, akafunga mlango kwa nje, akamsukumia jirani ufunguo chini ya mlango wake, akaja kufua. Kila siku alimwomba Mungu mtoto asiamke kabla ya jirani. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Sasa anaiambia nchi nzima kwamba mama yake alimfungia kama mbuzi," akasema. "Na ana haki."

"Amekwambia hivyo?"

"Kila Jumapili anakuja kula. Namtazama, nashindwa kumuuliza. Akisema ndiyo, nitaishije?"

Nilimkasirikia yeye, si mwanawe. Huyu mwanamke hawezi kuachia shuka likiwa na kunyanzi moja, lakini wimbo wa mtoto wake ameuhukumu kwa mistari miwili. "Umeusikiliza wote?" nikamuuliza. "Mpaka mwisho, dada?" Akatikisa kichwa.

Nikaachia shuka. Lilianguka sakafuni, safi, na wala hakunigombeza. Nikatoa simu, nikamshika mkono asinikimbie, nikauweka wimbo. Ubeti wa kwanza aliusikiliza amefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano. Ukaingia wa pili.

"Hatua zinakwenda, zinasimama, zinarudi,
mara tatu anashika kufuli, kuondoka hana budi.
Niko macho, nimebana pumzi, shuka nimeliuma,
hakuna kilichonipenda kuliko zile hatua za kurudi nyuma."

Dada Rula akafumbua macho. "Mara tatu," akasema. "Nilikuwa nafika kwenye ngazi, narudi. Nashika kufuli, nasimama tu pale. Hilo hakuna anayelijua. Nilikuwa peke yangu." Kisha akasema taratibu, "Kumbe alikuwa macho."

Alimpigia simu pale pale. Simu nilimshikia mimi, nikaweka spika, na ndivyo nilivyosikia kila kitu. Wala sikujutia.

"Mama, kwema? Si saa ya kazi hii?"

"Ulikuwa unaamka?"

"Umeusikia wimbo," akasema.

"Nimekuuliza, ulikuwa unaamka?"

"Kila siku, mama. Ukishuka tu kitandani, na mimi macho."

"Na mbona hukuniita hata siku moja?"

"Ningekuita, ungebaki," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Na kazi ingekwenda. Nilijua kazi yangu mimi ni kunyamaza mpaka ufike barabarani."

Dada Rula akakaa juu ya furushi la nguo chafu, mahali ambapo ametukataza sote kukaa. Mwaka ule aliodhani aliubeba peke yake, kulikuwa na mtu wa miaka sita upande wa pili wa mlango akimsaidia. Nilitaka kusema neno, na kwa mara moja maishani breki zikashika.

"Asante, baba," akamwambia mwanawe. "Ulinisaidia sana."