Nyuki katika Kompyuta Yangu

Mama mkwe wangu aliletwa kwetu mtaani Bagira, jicho lake moja likiwa limefunikwa kwa pamba na plasta. Alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama, kubeba kitu kizito na kushika jembe mpaka atakapomruhusu. Angerudi kijijini kwake Katana, kesho yake asubuhi tu angekuwa shambani. Kwa hiyo mume wangu, ambaye anafanya kazi Shabunda na huja nyumbani ndege ikipatikana, alinipigia simu: "Maman atabaki na weye. Umuchunge, asitoroke."

Nilikubali kwa moyo mweupe. Mama huyu hakuwahi kunitendea ubaya. Ila tulikuwa bado tunaoneana haya. Hatukuwa tumewahi kulala nyumba moja bila mume wangu kuwa katikati yetu. Yeye alisema maneno machache, mimi niliitika "ndiyo, maman" mara nyingi kupita kiasi, na salamu zikiisha kila mmoja alijitafutia kazi ya kushika.

Isitoshe, chumbani kwangu kulikuwa na kitu ambacho sikutaka akione.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi katika chuo kikuu kimoja mjini. Nafungua mashine za watu, nazisafisha, nazirudisha. Mwaka ule nilijijengea ya kwangu, ya kuchezea michezo, kipande kwa kipande, kupitia wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Kampala na Dubai: sanduku lenye kioo ubavuni, kadi ya picha nzito kama tofali, feni zinazowaka rangi. Mume wangu alijua na alinitania tu. Lakini mama yake? Nilikuwa mke wa mtu, bado hatujapata mtoto, na sikupenda arudi Katana akiwa na picha yangu nimekaa mbele ya taa za buluu na nyekundu, nacheza kama mwanafunzi aliyetoroka darasa. Nikaifunika kwa kitenge, nikaisukuma kwenye kona.

Ningeiacha imelala hapo, kama isingekuwa mgonjwa. Tangu niiwashe mara ya kwanza ilikuwa na tabia ya kuganda. Picha inasimama, kipanya hakisogei, na sauti inakwama mahali pamoja na kuvuma mfululizo mpaka uizime kwa nguvu. Haikuwa na saa yake. Mara ilifanya kazi vizuri alasiri nzima, mara iliganda kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti. Jambo hilo liliniuma. Mashine za wengine nazitengeneza, na ya kwangu mpya inanishinda.

Jumamosi moja, mama mkwe akiwa amepumzika, nilifunga mlango nikaiwasha kwa sauti ya chini. Ikaganda. Mvumo ukajaa chumba. Kabla sijafikia kitufe, mlango ulifunguliwa, na mama mkwe akasimama pale amejifunika kitenge kichwani mpaka mabegani, jicho moja tu likionekana.

"Mwali wangu, toka! Nyuki ziliingia mu chumba!"

"Nyuki haziko, maman," nilisema huku nikiizima. "Ni mashini. Imebloke."

Aliteremsha kitenge polepole. Akatazama zile taa, akanitazama mimi.

"Iko ya kazi?"

Nilihisi uso unawaka. "Hapana, maman. Iko ya kucheza."

"Kucheza nini?"

Niliiwasha tena kwa sababu sikujua la kufanya. Mchezo niliokuwa nao siku zile ulikuwa wa kilimo: unapewa shamba, unalima, unafuga, unavuna. Alisogea, akageuza shingo ili jicho lake zima lipate kuona. Kwenye kioo kulikuwa na mahindi yangu, yamekomaa, yamesimama safu kwa safu.

"Mahindi," alisema. "Ya nani?"

"Yangu, maman."

Nilingoja lawama.

"Na kwa nini ulipanda mpaka kwa mulango ya nyumba? Utapitia wapi?"

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka, akishika plasta yake ili isivutike. Nilimsogezea kiti, akakaa.

Tangu siku hiyo mambo hayakufichwa tena. Yeye ndiye aliyeniamuru niihamishie mashine salon, yaani sebuleni, kwenye meza ya kulia, kwa kuwa chumbani hakuna mwanga wa kutosha. Jumapili baada ya misa niliifungua. Yeye alikaa upande wa pili wa meza akinishikia simu yangu yenye tochi, na alitaka kujua kila kitu.

"Iyi njo roho yake?"

"Iyi njo bongo yake, maman."

"Kadogo hivi?"

Nilidhani ni joto. Kompyuta ikichemka sana huweza kusimama. Nilikuwa nimenunua kwa mtengeneza simu wa Kadutu dawa ya kupoza, ile ya kijivu inayofanana na dawa ya meno, nikaifuta ya zamani na kupaka mpya. Tuliifunga, tukaiwasha, tukasubiri. Wali ulikuwa bado jikoni wakati nyuki walipovuma tena.

Shida ya ugonjwa usio na saa ni kwamba lazima mtu akae na mgonjwa. Nami asubuhi naenda kazini. Nilipolisema hilo, mama mkwe alijibu mara moja.

"Daktari alikataza jembe. Iyi hakuitaja."

Nilimpigia daktari hata hivyo. Alicheka sana, kisha akasema acheze kidogo kidogo na alipumzishe jicho. Basi nikamfundisha. Mwanzoni alikishika kipanya kama mtu anayeshika kifaranga, anaogopa kukibana. Baada ya siku chache alikuwa anatembea shambani peke yake. Trekta hakuitaka, alisema inapiga kelele bure. Fedha zote za mchezo alizipeleka kwenye ng'ombe. Kwa Mushi, mtu wa kabila lake, ng'ombe si jambo la mchezo, hata ndani ya mchezo. Aliwalisha, akawakamua, akauza maziwa, lakini kuuza ng'ombe mwenyewe alikataa katakata, hata mchezo ulipomwonyesha bei nzuri.

Kila nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, alinipa habari.

"Leo ilibloke mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nakamua. Ya pili sikuwa nafanya kintu. Niliziangalia tu."

Hilo la pili lilinisaidia kufikiri. Mashine inayoganda wakati imekaa tu haionewi na joto. Nikaanza kuushuku umeme. Kwetu umeme unapanda na kushuka unavyotaka, na ingawa nilikuwa na kifaa cha kuutuliza, sikukiamini. Nikaifunga kompyuta ndani ya blanketi, nikaipakata kwenye taksi mpaka ofisini, ambako kuna betri za sola na umeme ulionyooka. Niliiacha inafanya kazi kando ya meza yangu huku wenzangu wakiuliza ni ya nani. Iliganda kabla ya chakula cha mchana.

Mama mkwe alikuwa mlangoni niliporudi.

"Na kule?"

"Na kule, maman."

"Basi courant haina kosa," alisema akitazama taa ya umeme. "Tuliitukana bure."

Nikahamia kwenye programu. Nilifuta kila kitu na kuanza upya, kama mtu anayebomoa nyumba mpaka msingi. Kabla ya kufuta nilinakili mafaili yangu yote, picha za harusi, kazi za ofisi, kila kitu nilichokikumbuka. Lakini mchezo ule huhifadhi mashamba yake pahali ambapo sikupajua. Jioni alipokaa kwenye kiti chake, kulikuwa na uwanja mtupu wa majani na kibanda kimoja.

"Ngombe zangu ziko wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi, nikijaribu kulaumu mafaili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Bon," akainuka. Tulikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, naye akaenda kulala mapema. Nilijua ni ng'ombe wa kwenye kioo, naye alijua. Hata hivyo niliosha vyombo nikiwa na huzuni ya kweli, kama niliyeacha zizi wazi.

Na usiniulize kama kule kufuta kuliponya. Kesho yake iliganda akiwa anapanda majani ya kuanzia upya.

Siku hiyo mume wangu alipiga simu kutoka Shabunda, sauti ikija na kukatika. Nilimsimulia yote nikiwa nimechoka.

"Uiuze tu," alisema. "Kuna mutu atapenda vipande. Iyi kintu inakusumbua bure."

Nilikuwa karibu kukubali. Mama mkwe alinyoosha mkono.

"Nipe telefone." Akaiweka sikioni. "Weye uko Shabunda. Mashini yetu utuachie."

Akanirudishia simu na kuendelea kuchambua maharage. "Yetu?" mume wangu aliniuliza, na nilisikia anatabasamu. Nikamwambia ndiyo, yetu, kwa furaha ambayo sikuitegemea.

Nilirudi kwenye ile mashine kwa akili iliyotulia. Niliacha kubahatisha. Nilisema nitaondoa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kungoja. Nikaanza na bareti, vile vijiti viwili virefu vya kumbukumbu ambamo mashine hushikilia jambo inalolifanya kwa sasa. Niling'oa kimoja, nikamwachia mama mkwe mashine na kijiti kimoja. Jioni alisema haikuganda. Siku iliyofuata haikuganda. Nikafurahi, nikadhani nimekipata kibovu. Ili kuhakikisha, nilikitoa hicho kizima nikaweka kile nilichokishuku peke yake. Nacho pia mashine haikuganda. Nikavirudisha vyote viwili, na kabla ya jua kushuka nyuki walikuwa wamerudi.

"Sasa mugonjwa ni nani?" aliuliza mama mkwe. Alikuwa ameudhika kabisa.

"Hakuna mugonjwa, maman. Kila kimoja peke yake ni kizima."

Niliviweka mezani kimoja kando ya kingine. Kwa macho ni ndugu. Lakini nilisoma maandishi madogo ubavuni, nikakumbuka nilivyovinunua: cha kwanza mapema, kwa mfanyabiashara mmoja, cha pili baadaye kwa mwingine, kiwanda tofauti. Na siku niliyoiunganisha mashine, kwa hamu ya kuiona ikikimbia, niliingia kwenye mipangilio ya ndani na kuviweka vyote kwenye mwendo wa juu kabisa ulioandikwa. Kila kimoja peke yake kiliumudu mwendo ule. Viwili pamoja vilishindwa, si kila mara, ila mara zisizotabirika, na kosa moja dogo lilitosha kuisimamisha mashine nzima.

Nikaingia tena kwenye ile mipangilio, nikashusha mwendo kwa hatua moja. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, baada ya wiki zote zile. Nilimwambia mama mkwe tusifurahi haraka. Akasema yeye hafurahi, anachunga.

Alichunga kweli. Alicheza kila siku mpaka nilipomfukuza apumzishe jicho. Mimi niliirushia michezo mizito niliyokuwa nayo, ile ya mbio na moshi, naye alikaa pembeni akikunja uso kwa sababu ya kelele. Haikuganda. Jumapili nzima haikuganda. Wiki iliyofuata ilipoisha bila kuganda, alisimama nyuma ya kiti changu na kuupiga ubavu wa sanduku kwa kiganja, polepole, namna anavyompiga mnyama aliyeshiba.

Daktari alimruhusu kurudi nyumbani muda mfupi baadaye. Jicho lilikuwa limepona vizuri, naye mama mkwe akaniambia sasa ndipo anaona jinsi nilivyo mwembamba. Zizi lake jipya kwenye mchezo lilikuwa limeanza kujaa, nami nilimwahidi kuwalisha ng'ombe wale. Nimewalisha.

Miezi kadhaa baadaye kulikuwa na harusi ya ukoo huko Katana, na mume wangu akapata likizo, tukaenda pamoja. Tulifika mapema ili nisaidie. Wanawake walikuwa uani, wengine wakimenya ndizi, wengine wakichagua mchele, na wengi wao nilikuwa siwajui. Mama mkwe alinishika mkono akanipeleka katikati yao. Nilijiandaa kwa utambulisho wa kawaida, wa mke wa fulani, na maswali yanayofuata.

"Uyu njo muke ya mutoto wangu," alisema. "Anatengenezaka mashini. Anafungua mpaka ndani, anarudisha. Na anajua kucheza sana. Siye wawili tuko na ngombe."

Wanawake walinitazama. Mmoja alifuta mikono yake kwenye kitenge, akatoa simu kifuani na kuninyooshea, akisema yake nayo inabloke kila akitaka kumpigia mwanawe Uvira. Mwingine akanipa redio yake mbovu. Nilikuwa nimeshika zote mbili, sijui nianze na ipi, mama mkwe aliponipokonya na kuzirudisha kwa wenyewe.

"Mumuache kwanza akule," alisema, na kunivutia kiti karibu na cha kwake.